UZI: Kukaranga kahawa nyumbani Bukavu, mashini ya umeme ao tamburi ya makala?

Mkarangaji_BKV

Ndugu na dada zangu, salamu. Nafungua uzi huu ju kila mara kuko mtu ananiuliza anunue mashini gani ya kukarangia kahawa nyumbani, na wengi wameshaona zile za Amerika na za China kwenye simu, wanataka kuagiza kesho asubuhi. Mimi nasema tangu mwanzo, halafu mtanipinga: kama uko Bukavu, Kabare, Walungu, Kalehe, mahali popote penye umeme unakujaka na kupunguka saa yenye unapenda, usiagize ya umeme. Tengenezesha tamburi ya makala, yaani pipa la chuma lenye linazunguka juu ya makala. Sisemi vile ju ya kukosa pesa, nasema ju ya hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Voltaji ikishuka, joto la rezistansi, ile waya yenye inatoa moto, linashuka kwa nguvu zaidi, ju linafuata voltaji mara voltaji. Mashini yenye imeandikwa wati 1600 kwa volti 220, ukiipa volti 180, na jioni wakati kila nyumba imewasha resho ya kupikia, hiyo 180 unaweza kuiona, inabaki na wati 1070 hivi. Theluthi ya moto imeenda. Kahawa haikarangiki tena, inakaa mule ndani dakika 20, 25, inakauka polepole, inatoka na rangi ya brauni safi unajisifu, halafu kwenye kikombe hakuna kitu, harufu hakuna, uchachu hakuna, utamu hakuna. Na umeme ukikatika katikati njo mbaya zaidi: tamburi inasimama, mbegu ziko digrii 190 zimelalia chuma cha moto, vantilateri nayo imekufa, na ile ngozi nyembamba ya kahawa inashikaka moto haraka sana.

Makala hayajui voltaji.

Mimi niko na tamburi ya inoksi, chuma chenye hakishiki kutu, ya lita 4 hivi, ubavuni iko na matundu madogo kuliko mbegu, ndani fundi alisudere vipande viwili vya chuma vyenye vimelala upande, vile njo vinageuza kahawa, bila vile mbegu zinateleza tu chini na kuungua upande mumoja. Lita 4 ni kwa nusu kilo ya kahawa mbichi, msijaze zaidi ju ikiiva inakua karibu mara mbili. Fundi akikuambia atumie bati la galvanize, kataa, zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wa sumu. Mukebe wa maziwa pia hapana, ule umepakwa ile bati laini yenye inatokaka kwa kasiterite, mawe yetu haya ya migodini, na inayeyuka kwa digrii 232, chuma kilicho juu ya makala kinapita pale bila shida. Inoksi ao chuma cheusi cha kawaida, basi. Tamburi ya mashini ya kufua yenye imekufa iko inoksi na matundu tayari, ila ni kubwa, inabidi ikatwe.

Ya kuzungusha: moteri ya esuiglasi ya gari, ile yenye inafutaka kioo wakati wa mvua. Iko volti 12, ina nguvu kuliko unavyodhani, na vitesi (mwendo) ya kwanza inazunguka karibu mara 45 ao 50 kwa dakika, njo ile tunataka kabisa. Wauza pyesi za okazyo wako nazo. Chini mbabula (jiko la makala) ya kawaida, pana kidogo. Na tamburi ikae kwenye miguu yenye unaweza kupandisha na kushusha, hata kwa matofali, ju makala hauzimi kwa batani, kuipandisha njo njia yako ya kupunguza moto. Watu wengi wanaacha hapo, wanatengeneza tamburi nzuri lakini imefungwa palepale, halafu wanalia kahawa imeungua.

Na yote haya nje, ao kwenye baraza penye upepo unapita. Makala mu nyumba yenye imefungwa inaua, sihitaji kueleza.

Himbi_Asubuhi

Mukubwa, heshima, ila umetutia wote kapu moja. Sisi wa Goma wenye tumeunganishwa na umeme wa Virunga, ule wa kituo cha maji cha Matebe, voltaji inakaa. Niko na mashini ya Amerika ya wati 1600, ndugu yangu alinitumia, inabeba gramu 450 hivi, niliiwekea transfo na nakunywa kahawa safi. Nakaranga mu kikoni mvua inyeshe isinyeshe. Wewe na mbabula yako unangoja mvua iishe, na Bukavu mvua inaishaka?

Mkarangaji_BKV

Hahaha mdogo wangu, ya mvua nimenyamaza. Na ukiwa na ile laini, endelea na mashini yako, sina neno. Ila waambie wasomaji yote. Mashini ya Amerika imetengenezewa volti 120 na herzi 60, yaani mawimbi 60 ya umeme kwa sekunde. Transfo inashusha volti, haigusi herzi, na huku tuko na 50. Rezistansi haijali hayo, lakini moteri yenye inafuata herzi itazunguka tano kwa sita ya mwendo wake, na kama saa ya mashini inahesabu kwa mawimbi ya umeme, basi dakika 10 za kwenye kioo ni 12 za kweli. Mtu anafuata kitabu cha mashini neno kwa neno na kahawa inatoka nyeusi kuliko picha, hajui sababu. Na transfo iwe ya ngapi? Ju zile za 1500 za bei rahisi zinachemka hadi zinanuka, kwa wati 1600 mtu achukue 2000 kupanda.

Himbi_Asubuhi

Transfo yangu ni ya 3000. Ya saa nitaipima na simu, sikuwahi kufikiri.

Mama_Kikombe

Wanangu, mimi nakarangaka na kasuroli kubwa ya chuma na mwiko, nauza vikombe asubuhi hapa Kadutu, natia tangawizi, wateja wanataka nyeusi yenye kuuma. Sasa mnaniambia nitafute moteri ya gari. Itanipa nini chenye mkono wangu haunipi?

Mkarangaji_BKV

Mama, heshima kwako. Kwa kahawa yako ile, hakuna. Usimpe fundi pesa yako. Mwiko unaacha mbegu zingine zimeungua na zingine bado ziko njano, lakini ukienda hadi nyeusi kabisa tofauti ile inapotea, na tangawizi inamaliza kazi. Tamburi inamsaidia mtu mwenye anataka kusimama mapema, rangi ya brauni ya katikati, mahali kahawa ya Kivu inaanza kutoa ule uchachu wa matunda na utamu wake, pale mbegu zikiwa si sawa ulimi unajua mara moja. Kasuroli ndogo na mwiko wenye haupumziki unaweza kukaranga gramu 200 vizuri, hata mimi nikitaka kujaribu kahawa mpya kidogo naanza na kasuroli.

Mama_Kikombe

Asante, nimesikia. Basi niambie hii: kuko siku kikombe kinatoka na harufu ya kiazi kibichi, mteja anakirudisha, na ni kahawa ile ile ya jana yenye alisifu. Ni moto?

Mkarangaji_BKV

Hapo mama umegusa kidonda cha mkoa muzima. Si moto, na si mkono wako. Kile kiazi kinatoka shambani. Kuko mdudu anaitwa antestia, anatoboa tunda la kahawa likiwa bado kwenye mti, na pale alipotoboa mbegu inaishia kubeba ile dawa yenye kunuka kiazi. Tunaipata sisi, Rwanda, Burundi, Uganda pia, njo ju yake wanunuzi wa mbali wanaogopa kahawa ya Maziwa Makuu hata kama wanaipenda. Ubaya wake ni kwamba mbegu yenyewe ukiitazama mbichi inaweza kuwa nzuri tu, ukiikaranga inakaa kimya, harufu inatoka pale unaposaga. Na mbegu moja inatosha kuharibu birika lote.

Kukaranga nyeusi zaidi hakuiondoi, wengi wanadhani inaondoa. Chenye kinasaidia ni kuchambua kabla: kaa mahali pa mwanga, mwaga kahawa mbichi kwenye sinia nyeupe, toa kila mbegu yenye tundu, yenye alama nyeusi ya kuumwa, yenye imekunjamana, yenye rangi imefifia. Kama unapata kahawa ikiwa bado na ganda lake la parche, itie kwanza mu maji, zenye kuelea toa zote, kisha anika tena hadi ikauke kabisa. Inapunguza sana, haimalizi. Halafu kwa wateja wako nakushauri hivi: usisage birika zima mara moja, saga kipimo cha kikombe kimoja kimoja, nusa kabla ya maji. Ukisikia kiazi, tupa kile kipimo peke yake, futa mashini ya kusagia, endelea. Umepoteza gramu 10, haujapoteza mteja.

Mtu akikuuzia kahawa na kuapa kwamba yake haijawahi kuwa na kiazi, mnunulie ukipenda, ila usimuamini.

Mhaya_wa_Ziwani

Wakuu, salamu kutoka Bukoba. Uzi mtamu huu. Huku kwetu kahawa tunaitafuna pia, robusta inachemshwa na majani yake ya shamba kisha inakaushwa, mgeni akija unampa punje kabla ya maneno, kwa hiyo hii ya moteri na digrii kwangu ni mambo mapya. Swali langu dogo: bila kipimajoto inawezekana? Na huo mpasuko wa kwanza watu wanaousema nitaujuaje?

Mkarangaji_BKV

Karibu sana ndugu wa Bukoba. Inawezekana, na kwenye tamburi ya makala nitasema hata kipimajoto kinaweza kukudanganya. Zile za waya, termokapo ya aina ya K, ni bei nafuu na zinafika digrii zetu bila shida, lakini ncha yake kwenye tamburi inapima kidogo mbegu, kidogo hewa, kidogo joto la makala linalopiga moja kwa moja. Namba yako na yangu hazitafanana kamwe. Itumie kulinganisha kahawa yako ya leo na ya wiki iliyopita, usiitumie kubishana na watu wa YouTube.

Nitaeleza vile inaendaka, nusu kilo, tamburi yangu. Makala kwanza yawe mekundu yote, hakuna hata moja linalotoa moshi, ju moshi wa makala mabichi kahawa inaunywa. Zungusha tamburi tupu ipate moto, kisha mwaga kahawa. Mwanzo hakuna kitu, inakauka tu, kahawa mbichi iko na maji asilimia 10 hadi 12 na hayo yote inabidi yatoke, unasikia harufu ya majani. Dakika ya 4 ao ya 5 inakuwa njano na harufu inageuka, inakuwa ya mkate. Hapa mbegu ziko kama digrii 150. Ikiwa dakika ya 8 bado ni kijani, moto wako ni mdogo, shusha tamburi. Ikiwa dakika ya 2 imeshakuwa njano, moto ni mkali, nje itaungua ndani ikiwa mbichi.

Baada ya njano inaenda brauni, ngozi nyembamba zinaanza kuruka, moshi mwembamba. Sasa sikiliza. Dakika ya 9 ao ya 10, kwa digrii 196 hadi 205 hivi, utasikia pa, pa, kisha papapa, sawa bisi kwenye sufuria yenye kifuniko. Ule njo mpasuko wa kwanza, mvuke na gesi vinavunja mbegu. Huwezi kuukosa kama moteri yako haipigi kelele.

Lakini sikiliza tena, hii njo yenye inatofautisha mtu wa makala na mtu wa batani. Makala yana kichwa kigumu, ukipunguza moto sasa hivi, kahawa inasikia baada ya dakika moja ao zaidi. Kwa hiyo usingoje mpasuko ndio upandishe tamburi. Pandisha mapema kidogo, wakati harufu ya mkate imeisha na mbegu zimekuwa brauni na mistari mistari. Ukichelewa, mpasuko unakuja wote kwa pamoja kama dakika moja, na kabla haujashika koleo uko kwenye mpasuko wa pili, ule wa karibu digrii 225, sauti yake nyembamba ya haraka haraka, mafuta yanatoka juu ya mbegu, na pale unakunywa moto, si kahawa.

Mimi nahesabu kutoka mpasuko wa kwanza hadi kutoa, dakika moja na nusu hadi mbili na nusu. Kama jumla ni dakika 11 ao 12, ile inaangukia kati ya asilimia 13 na 23 hivi za muda wote, na kahawa ya mlima huku kwetu inapenda pale. Robusta yenu ya Bukoba itavumilia zaidi.

Kisha mwaga haraka. Kahawa ikitoka bado inaendelea kujikaranga yenyewe, ipoze ndani ya dakika 4, si zaidi. Pasuari mbili pana, unamwaga kutoka hii kuingia hii, upepo unabeba maganda, ao vantilateri chini. Majirani watalalamika ju ya maganda kwenye nguo zenye wameanika, ongea nao mapema.

Katuba_Mweusi

Yaya, mimi niko L'shi (Lubumbashi). Kahawa mbichi huku ni tabu, tunanunuaka tu ya paketi. Shemeji alinitumia mufuko kutoka kwenu Bukavu ila iko na ganda gumu la rangi ya majani makavu. Nikarange vile vile?

Mkarangaji_BKV

Hapana mdogo wangu, usiweke motoni! Ile njo parche yenyewe, ganda bado liko juu. Litawaka na kukutia moshi, na mbegu ndani haitaiva sawa. Twanga kwenye kinu, polepole, mchi wa mbao, usipige hadi uvunje mbegu, kisha pepeta na ungo. Kidogo kidogo, ukijaza kinu zitavunjika. Na jua hesabu yako kabla ya kumlaumu shemeji kwamba amekupunja: kilo 1 ya parche ikitwangwa inakupa gramu 800 hivi za kahawa mbichi, na moto unakula kama asilimia 15 tena, unabaki na gramu 680. Mwenye anauza kahawa iliyokarangwa kwa bei ya parche anajidanganya mwenyewe.

Ila una bahati, parche inakaa vizuri kuliko yenye imetwangwa. Iache na ganda lake, mahali pakavu, mbali na sabuni na mazutu, twanga tu ya wiki yako. Na ukitaka shemeji akutumie tena, mwambie aulize wakati wa mavuno, hapa kwetu ni kuanzia mwezi wa 3 hadi wa 6 hivi, kahawa za Idjwi zinavuka na mashua, za Kalehe na Katana zinakuja kwa barabara. Anunue yenye ilioshwa na kukauka sawasawa, aume mbegu na jino: ikiwa laini inabonyea, bado iko na maji, itaota kuvu njiani.

Katuba_Mweusi

Kumbe! Nashukuru yaya, kinu kiko kwa mama. Na nikishakaranga naweza kunywa siku ile ile?

Himbi_Asubuhi

Naomba nijibu hiyo. Unaweza, ila haitakuwa tamu, inatoa gesi nyingi, ukimwaga maji inavimba inatoa povu na maji hayaingii vizuri. Ngoja hata siku moja, mbili, mimi naona ya tatu ni bora. Iweke mu bokali ya kioo, siku ya kwanza usikaze kifuniko kabisa, kisha funga. Mwezi mumoja ukipita imeanza kuchoka, karanga kidogo kidogo. Na jambo lingine lenye video hazituambii: wanasema ungoja maji yapoe kabla ya kumwaga. Goma na Bukavu tuko karibu mita 1500, maji yetu yanachemka kwa digrii 95, yameshajipoza yenyewe. Mwaga tu yakichemka.

Mama_Kikombe

Na kusaga? Kijana wa mashini ya pilipili hapa chini anasema analeta bei nzuri.

Mkarangaji_BKV

Mama hapana!! Wala ya unga wa muhogo. Kahawa inabeba harufu ya kila kitu, utauza kikombe cha pilipili na utasema ni antestia. Tafuta ile ndogo ya mkono, ya kwako peke yako, mtu asisagie kitu kingine mule.

Mhaya_wa_Ziwani

Mkuu, moja la mwisho. Betri ya pikipiki itazungusha hiyo moteri muda gani? Na joto halifiki kwenye moteri?

Mkarangaji_BKV

Moteri ile kwa vitesi ya kwanza inakunywa karibu ampea 3 hadi 5. Betri ya ampea-saa 7 ikiwa nzima inakupa mikarango miwili ao mitatu bila wasiwasi, kisha chaji, usiimalize kabisa itakufa mapema. Joto: usifunge moteri moja kwa moja kwenye tamburi, weka fimbo ya chuma ndefu kati yao, urefu wa mkono hadi kiwiko, na kipande cha tole kisimame katikati kuzuia joto la makala. Ndani ya moteri kuko grisi na meno ya plastiki, yakiyeyuka basi.

Na mpini wa kuzungusha kwa mkono mwambie fundi auweke upande wa pili. Betri ikikataa katikati ya mpasuko unazungusha mwenyewe unamaliza.

Himbi_Asubuhi

Mukubwa nimepima na simu. Dakika 10 za mashini, simu inasema 12, umeua. Sasa nafanyaje, nibadilishe nini?

Mkarangaji_BKV

Usifungue kitu. Ukitaka dakika 10 za kweli, weka 8 na sekunde 20 kwenye kioo. Na masikio yafungue, mpasuko haufuati saa ya mtu.

Himbi_Asubuhi

Sawa, kesho nitakaranga vile na ile ya Idjwi, nitaleta majibu hapa hapa.